Kopo la Samli Lisiloandikwa Jina

Baba,

Nimekaa kibandani kwako nyuma ya nyumba, kwenye kile kiti kinachoyumba, na hii ni mara ya nne leo nakaa na kuinuka. Nimefuta meza isiyo na vumbi. Nimeyapanga maganda ya risasi kwenye kisahani, nikayamwaga, nikayapanga tena. Mama ameniita nikale, nikamjibu nakuja, na hiyo ilikuwa zamani. Wali wangu bila shaka umeshapoa. Kesho saa nne asubuhi anakuja ofisa wa leseni za bunduki, yule kijana mwenye ndevu nyekundu uliyekuwa ukimlisha kashata, na mpaka sasa sijui nitamwambia nini. Nakuandikia wewe kwanza. Kuna jambo ulistahili kulisikia kabla yake, na nililificha.

Arobaini yako imepita juzi. Khitma imesomwa, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, viatu vimetapakaa hadi barabarani na jirani hakulalamika hata kidogo. Mama siku hizi analala upande wako wa kitanda. Gari lako haliwaki. Bustani yako ya mchicha ni udongo mtupu kwa baridi hii. Mimi nikitoka kazini hospitali nikapita hapa, bado natazama kwanza kama taa ya kibanda inawaka. Haiwaki, Baba, na kila mara nakasirika, sijui namkasirikia nani.

Bunduki yako imeondoka. Sheria ndivyo inavyotaka mwenye leseni akifa, kwa hiyo ipo kwa muuza bunduki, imefungiwa, inasubiri sisi tuamue. Waliokuja kuhani waliposikia habari hiyo walibaki wanatazamana. Wao walikujua kama fundi wa funguo pale Woolwich sokoni, mzee wa safu ya mbele msikitini. Hawakujua kwamba Jumapili moja kila mwezi ulikuwa unalala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, nje ya London, kando ya Wazungu wastaafu, unalenga shabaha iliyo mbali kiasi kwamba mimi siioni bila darubini. Wala hawakujua kwamba risasi zako ulizijaza mwenyewe, hapa, moja moja. Zile za dukani ulizidharau kama Mama anavyozidharau chapati za pakiti.

Nilikuuliza siku moja, mtu aliyeondoka Unguja kwa ajili ya milio ya bunduki, anazitafutia nini tena? Ukasema, "Ilinitisha, Rukia. Nikataka kuijua mpaka ndani." Kisha ukanitaka nikushikie tochi, kwa sababu kuna skrubu ilikuwa imeangukia chini ya meza. Sikupata kukuuliza zaidi. Nilijua tu yale uliyozoea kuyasimulia: kwamba mwaka ule baada ya mapinduzi ulitoka na nguo ulizovaa na mizani ya babu, aliyekuwa sonara, umeifunga ndani ya soksi. Kwamba Nairobi ulijifunza kutengeneza bunduki za wawindaji, mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku, ndipo mkanibeba mkaja huku. Mizani iliyopima dhahabu ikaishia kupima baruti Woolwich.

Naitazama hapa. Vile visahani vyake viwili bado vinatikisika nikivuta pumzi. Mikono yako ilipoanza kutetemeka ulinikabidhi mimi kazi ya kupima, ukanipa na cheo. "Bibi Mizani kaja," ulikuwa ukisema nikifungua mlango. Mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mkuu wa zamu wodini, nilikuwa nafurahia jina hilo kuliko cheo chochote nilichopewa kazini.

Na sheria zako! Chai haiingii kibandani. Simu inabaki jikoni. Baruti mbili za aina tofauti hazikai mezani kwa wakati mmoja, hata kwa dakika. Baruti inakaa kwenye sanduku la mbao, si la chuma. Ulinieleza mara elfu kwamba baruti hii ya kisasa, isiyotoa moshi, ikishika moto mahali wazi huwaka tu kwa hasira, lakini ukiibana ndani ya chuma ndiyo unatafuta balaa. Fataki, vile vikofia vidogo vinavyowasha, vina sanduku lao kule upande wa pili. Kila mwezi unafungua kopo unanusa, na mimi unaninusisha. Ikinuka spiriti, nzima. Ikinuka uchachu unaochoma pua, au ukiona vumbi jekundu la kama kutu, imeharibika, toa nje. Na juu ya yote, baruti haitoki kwenye kopo lake la asili. Ikilazimika kutoka, jina linaandikwa kwanza, ndipo mkono unamimina. "Andika jina kwanza." Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo nikifikiria mambo mengine.

Sasa nakuambia.

Unaikumbuka ile Jumamosi tulipokwenda kwa muuzaji kule mashambani, saa mbili za gari, kwa sababu baruti haitumwi kwa posta na wewe hukubali kupanda nayo treni? Tulifika, ukatoa leseni, ukataja aina yako, ile uliyoizoea kwa miaka. Yule bwana akatikisa kichwa. Haiji tena nchini, mzigo umekoma. Akaenda nyuma, akarudi na kopo moja la plastiki lililosahaulika kwenye rafu. Ulilishika kwa mikono miwili. Njia nzima ya kurudi nililipakata, na kila tukipita tuta unanitupia jicho. Ukasema hii haichezewi, hii ni ya shindano la wazee mwezi wa tano, basi, baada ya hapo utajifunza aina mpya kama mtoto wa chekechea.

Jumatano ile, siku mbili kabla hujafa, wewe ulikuwa kliniki na Mama. Mimi nilikuwa sina zamu. Nikasema nikutangulizie kazi, ukirudi ukute maganda yamesafishwa na baruti iko mezani. Nililitoa kopo kwenye sanduku. Mikono ilikuwa na baridi. Liliniponyoka, Baba. Lilianguka kwenye saruji kwa kifuniko, kifuniko kikapasuka mpaka shingoni, na kiasi cha kiganja kimoja cha baruti yako ya mwisho kikamwagika chini ya meza. Nilipiga magoti nikaifagia kwa brashi ya kuoshea vyombo. Halafu nikafanya lile ambalo kila mtu wa nyumba yetu angefanya. Chini ya sinki la Mama kuna makopo matupu ya samli, yameoshwa, yamekaushwa, yanasubiri kutiwa kitu. Nikachukua moja nikamimina. Nikalirudisha sandukuni pamoja na lile lililopasuka. Kalamu sikuiona. Nikasema nitaandika jina Ijumaa nikija, na hapo hapo nitakueleza.

Kalamu ilikuwepo. Sikutaka kuitafuta, kwa sababu kuandika jina kwenye kopo la samli ilikuwa sawa na kuandika kosa langu likakusubiri. Nilikuwa naogopa uso wako, basi. Si ukali, maana hukuwa mkali. Ile namna yako ya kunyamaza na kuvua miwani.

Alhamisi nilikuwa kazini kutwa. Ijumaa alfajiri Mama akanipigia simu.

Unajua msiba wetu unavyokuwa. Tumekuzika Jumamosi, na nyumba ikajaa. Masufuria makubwa yaliletwa kutoka msikitini, mahali pa kuyaweka hapakuwepo, akina mama wakafungua kibanda wakatoa kila kinachobebeka. Mimi nilikuwa nimekaa na Mama chumbani, sikuona lolote. Nilisikia tu vyuma vikigongana nje na sauti ya Bi Zena, shoga yake Mama tangu Unguja, akiwapanga watu kama jemadari. Makopo yote waliyoyakuta, ya misumari, ya vifungo, ya sijui nini, waliyakusanya jikoni.

Jumatano iliyofuata akaja ofisa kuichukua bunduki aipeleke kwa muuza bunduki. Alikuwa mpole, alivua viatu mlangoni kama ulivyomfundisha. Akaniuliza, na baruti ya marehemu? Mimi nina leseni yangu, tangu uliponizoesha kwenda nawe uwanjani, naruhusiwa kukaa nayo. Nikamjibu, "Ipo, ninayo mimi, iko salama." Akaandika. Sikusema uongo kwa kukusudia, niliamini ipo. Alipoondoka tu nikaja kufungua sanduku. Kopo lililopasuka lilikuwepo, tupu. La samli halipo.

Nilipekua nyumba nzima. Chini ya vitanda, ndani ya tanuri, kwenye mapipa. Mama ananitazama tu. Mwishowe akauliza natafuta nini, nikasema kopo la samli, akasema, "Lile la habasoda? Nimempa Bi Zena. Si za baba'ako zile? Kila asubuhi kijiko na asali, yeye na habasoda zake. Nikasema zitolewe sadaka, zisikae hapa zikaoza."

Macho ya Mama unayajua yalivyo siku hizi. Ukweli ni kwamba hata mwenye macho mazima angedanganyika, vipande vidogo vyeusi kama mbegu za habasoda zenyewe, ndani ya kopo la samli, katika nyumba ya mtu aliyesifika kwa habasoda. Mama alikuwa anakutolea sadaka, Baba. Alitoa nusu kilo ya baruti kwa nia safi kabisa.

Nilimpigia Bi Zena njia nzima ya treni mpaka Stratford. Hapokei. Simu yake inaishi mkobani, na mkoba unaishi kabatini. Nilipanda zile ngazi bila kungoja lifti. Mjukuu wake akanifungulia, nikampita, sikupiga hodi, sikutoa salamu, nimeingia na viatu kwenye zulia. Bi Zena alikuwa jikoni. Kikaango kilikuwa juu ya gesi, kikavu, kinapata moto. Kopo liko wazi pembeni, kijiko kimezama ndani. Nilizima gesi kwanza, ndipo nikamshika mkono.

"Wewe Rukia una wazimu? Shikamoo hakuna?"

Nikalivuta kopo upande wangu. Yeye akaendelea, amekasirika, ananieleza kwamba habasoda za marehemu zimeingia harufu ya spiriti, ameona bora azikaange kidogo harufu itoke, kisha azisage, awape na watoto. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amesimama nyuma yangu ananivuta koti, ananiuliza kwa Kiingereza kama ninalia. Nilikuwa nalia.

Nilipomweleza ni kitu gani, Bi Zena alikaa chini polepole kama mtu anayeshushwa. Alisema astaghfirullah mara nyingi. Baadaye, maana ndivyo alivyo, akanitazama pembeni akasema, "Baba'ako alinizoea kwa utani, lakini huu umezidi." Tukacheka vibaya sana, kicheko cha watu waliotishika. Alipoacha kucheka aliniambia, "Mimi sitasema kwa mtu. Lakini wewe utaweza kukaa nalo?" Nikamjibu nitaweza.

Sikupanda treni kurudi. Hukuwahi kupanda treni na baruti na mimi sikuthubutu, hata siku hiyo ambayo nilikuwa nimeshavunja kila kitu kingine. Nililifunga kopo kwenye kanga ya Bi Zena nikatembea, kutoka Stratford mpaka mtoni, nikashuka kwenye njia ya chini ya Mto Thames, nikatokea Woolwich miguu imekufa ganzi. Ndani ya ile njia watu wananipita na baiskeli, na mimi nimekumbatia kopo kifuani. Nilikuwa nakusemesha kwa sauti. Kuna mama mmoja wa Kinaijeria alinigeukia akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia nimefiwa. Akanishika bega, akaenda zake.

Kopo lipo hapa sasa, ndani ya sanduku la mbao. Jina nimeliandika kwa herufi kubwa, pande zote mbili na juu ya kifuniko. Nimenusa, ni nzima. Kwa hiyo unaona mtego wangu. Kesho ofisa anakuja kukagua ninavyohifadhi, maana leseni yangu nayo muda wake umefika. Atakuta kila kitu mahali pake. Nikinyamaza hakuna atakayejua, jina lako litabaki safi, hakuna doa hata moja tangu ukaguzi wa kwanza, na mimi nitaendelea kwenda uwanjani. Nikisema, wanaweza kuninyang'anya leseni, na wana haki. Nitabaki na nini cha kwako, Baba? Kwenye kaburi lako hata jiwe bado halijawekwa. Hiki kibanda ndipo ninapokupata. Nimelizungusha jambo hili kichwani siku zote hizi, kazini nampa mgonjwa dawa nasoma jina lake mara tatu, nne, mpaka wenzangu wananicheka.

Ngoja. Mama anaita tena.

Nimerudi. Nimekula vijiko viwili ili aninyamazie. Nimesema kabla ofisa hajaja nipime kilichobaki, nikilinganishe na daftari lako la hesabu za baruti, kile kilichomwagika nikiandike. Daftari sijaligusa tangu uondoke. Kila nikiliona hapo juu ya rafu, na ule mpira uliolifungia, naondoa macho, kwa sababu ya mwandiko wako.

Baba.

Nimelifungua.

Ukurasa wa mwisho ni wa Alhamisi. Mimi nilijua Alhamisi hukutoka kitandani, Mama aliniambia umepumzika kutwa. Kumbe ulikuja huku. Herufi zinapanda na kushuka, mkono ulikuwa umekushinda. Umeandika hivi:

"Alhamisi. Kifuniko kimepasuka. Baruti imo kwenye kopo la samli, halina jina. Ni Rukia huyu. Kesho akija atanieleza mwenyewe. Nisimuulize. Jina tutaandika pamoja."

Nimesoma mpaka maneno yakaacha kuonekana. Uliliona. Ulikaa kwenye kiti hiki hiki, kalamu mkononi, kopo lisilo na jina mbele yako, wewe ambaye hukuniruhusu hata nifute pua kabla sijaandika lebo. Na hukuandika. Uliliacha usiku mmoja ili mimi nipate nafasi ya kuja kusema. Sheria yako ya maisha yote uliivunja kwa ajili ya uso wangu, nami nilikuwa naogopa wako. Lile kopo lilifika kwenye kikaango cha Bi Zena kwa mikono yetu miwili, Baba, yangu iliyoficha na yako iliyosubiri, na sijui nikulaumu au nikubusu mkono.

Nimelia, nimekusuta kwa maneno ambayo sitayaandika. Kisha nimeinuka, nimekaa, na safari hii nimekaa kweli.

Basi sikiliza. Kifuniko nilikipasua mimi. Kopo lilianguka Jumatano kama saa tano, mikono ilikuwa na baridi na nilikuwa na haraka ya kukufurahisha. Kilichomwagika ni kiganja kimoja, nilikifagia nikakitawanya bustanini kwenye udongo wa mchicha, kama ulivyokuwa ukifanya na iliyoharibika. Iliyobaki niliitia kwenye kopo la samli na sikuandika jina. Nisamehe. Nimechelewa siku nyingi, lakini nimekuja mwenyewe, hujaniuliza.

Na kesho ofisa akivua viatu, kabla hajakaa, kabla Mama hajamletea kashata, nitamweleza yote, kopo, sadaka, kikaango na njia ya chini ya mto. Daftari nitamfungulia ukurasa wako asome, nitamtafsiria. Akichukua leseni, achukue. Shindano la mwezi wa tano wataenda wengine. Mizani ya babu haihitaji kibali cha mtu, itabaki juu ya meza hii, na kila Alhamisi nitakuja kuifuta.

Lala, Baba. Mwanga wa mchana unaisha na Mama yuko peke yake. Kopo ninaliandika jina mara moja tena, chini ya lile nililoandika, kwa kalamu yako, na nimekuachia nafasi pembeni kama tungekuwa wawili.

Mwanao,
Rukia, Bibi Mizani